Haki ya Anayekuja Mbele

Katika kazi nyingi za mikono ambazo binadamu amejaaliwa kuzifanya kwa riziki yake na kwa kuwafaa wenzake, mwenye kulipa ndiye huyo huyo atakayeonja uzuri au ubaya wa kitu alichokinunua, hata ashonewaye kanzu ikambana kwapani huivaa yeye mwenyewe taksiri ya mshoni wake. Lakini kazi ya kuunda taa za magari imetengwa na desturi hiyo, kwa kuwa sehemu ya nuru ya kila taa itokayo mikononi mwetu huangukia machoni mwa mtu ambaye hakufika karakanani, hakuulizwa bei, hakutoa hata senti, wala hatapata kujulikana kwetu: naye ni yule anayekuja mbele, usiku, upande wa pili wa barabara. Nimeishi kwa kazi hii muda wa kutosha kuamini kwamba mtu huyo ana haki juu ya fundi iliyo sawa na haki ya mushtari mwenyewe, na kwamba biashara ndogo ya taa hupata heshima au huikosa kwa jinsi fundi anavyoitunza haki hiyo ambayo hakuna aliyekuja kuidai.

Karakana yetu iko Butimba, kando ya barabara itokayo katikati ya jiji la Mwanza ikapita Igogo na Mkuyuni, ikaendelea Nyegezi, Mkolani na Buhongwa hadi Usagara, ambako wa Shinyanga hushika njia yao, na wa Sengerema na Geita hushika yao kuelekea Kigongo. Watu wa mbali wakisikia Butimba hukumbuka gereza kuu, au chuo cha ualimu ambacho kwa miaka mingi kimefunza walimu wa sanaa na muziki. Sisi tulio huku twaijua zaidi kwa mawe yake makubwa, kwa upepo wa ziwa, na kwa magari yapandayo na kushuka mchana kutwa. Aghalabu ni magari ya Kijapani, yaliyokwisha kutumika kwao kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, na yanapotufikia taa zake huwa zimechoka mapema kuliko injini. Taa mpya ya aina fulani huenda isipatikane dukani kabisa, au ikapatikana kwa bei ambayo mwenye gari hawezi kuimudu bila ya kuwanyima watoto haja nyingine. Hapo ndipo sisi tunapoitwa, tukaifungua ya zamani, tukaisafisha na kuitia viungo vipya, au tukaunda nyingine tangu mwanzo kwa aluminiamu, plastiki, waya na lehemu, ikatoshea pengo la gari lile na si la gari jingine.

Msomaji asidhani kuwa kazi hii ni bidaa iliyoletwa jana. Kabla ya magari walikuwapo mafundi bati, waliokata mikebe ya maziwa na ya mafuta wakaunda vibatari na koroboi, kila kimoja kwa mkono na kwa kipimo cha jicho. Na jiji letu lina mtaa uitwao Makoroboi, ambao hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyedurusu masomo yake kwa nuru ya utambi. Magari ya kwanza duniani nayo yalimulika kwa moto: taa zake zilichoma mafuta, au gesi ya asetilini iliyozaliwa kwa kudondosha maji juu ya kabaidi, na dereva alishuka na kiberiti jua lilipozama. Umeme ulianza kuwa jambo la kawaida tangu mwaka 1912, kampuni ya Cadillac ya Marekani ilipotoa gari lenye kianzishio na taa za umeme, na mwaka uliofuata Bosch wa Ujerumani wakaanza kuuza taa, jenereta na betri kwa pamoja. Joseph Lucas wa Birmingham, ambaye jina lake lilikuja kuandikwa juu ya taa za Land Rover zilizotapakaa Afrika Mashariki nzima, alianza akiwa mchuuzi wa mafuta ya taa, akiyasukuma mitaani kwa mkokoteni. Akaunda taa ya meli, kisha mwishoni mwa miaka ya 1870 akaunda taa ya baiskeli, na kutoka hapo kikazaliwa kiwanda kilichomulika nusu ya dola ya Waingereza. Nawasimulia vijana wa karakanani habari za mkokoteni ule mara kwa mara, kwa sababu wao huona tofauti kati ya meza yetu na kiwanda kana kwamba ni tofauti ya kimaumbile, nayo ni tofauti ya muda na ya subira.

Katika taa za Kijapani tunazozifungua, majina mawili hujirudia kuliko mengine yote, yamechorwa kwa herufi ndogo kwenye pembe ya kioo: Koito, iliyoanza Tokyo mwaka 1915 kwa kutengeneza vioo vya taa za ishara za reli, na Stanley, iliyoanza mwaka 1920 kwa kutengeneza glopu za magari. Mwasisi wa hiyo ya pili, Takaharu Kitano, aliichagulia kampuni yake jina la Henry Morton Stanley, msafiri yule yule aliyeitia majini mashua yake Lady Alice kutoka Kagehyi, katika ghuba iliyo mashariki ya mji wetu, Machi 1875, akalizunguka ziwa hili. Mimi simpendi msafiri huyo, kwa ajili ya damu aliyoimwaga kisiwani Bumbire mwaka huo huo. Lakini siwezi kuzuia taajabu kila nionapo kwamba jina lake, baada ya kuvuka bahari mbili na kukaa Japani kizazi baada ya kizazi, limerejea katika ufuko uliolizidishia umashuhuri, limebandikwa kwenye taa ya gari aina ya Noah linalobeba abiria wa Nyegezi.

Taa za zamani zilifunikwa kwa kioo halisi, kizito, ambacho kokoto moja ya barabara ya vumbi ilitosha kukipasua. Za leo hufunikwa kwa plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, ambayo hustahimili kokoto lakini haistahimili jua. Kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kuikinga na ile miale isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ikiliwa na miaka, plastiki hugeuka rangi ya manjano, kisha huwa na utusitusi mithili ya maji ya mchele. Nasi hapa tupo nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako jua halina huruma na plastiki. Dawa yake ni kazi ya taratibu isiyokubali haraka: msasa wa maji wa namba 800, kisha 1,500, kisha 2,000 na zaidi, kila mmoja ukifuta mikwaruzo ya uliotangulia, mpaka kioo kiwe cheupe sawasawa, na baada ya hapo king'arishwe. Wapo wapitao mitaani na dawa ya meno na kitambaa, wakakisugua kioo kwa dakika chache kikang'aa mbele ya macho ya mwenyewe. Na kweli hung'aa, ila kwa kuwa hawakukipaka vanishi mpya ya kuzuia jua, kazi yao hurudi ilikotoka kabla ya mvua mbili kupita. Vanishi hiyo ni ghali kuliko msasa wote, haionekani ikishakauka, na mushtari hawezi kujua siku ile kama fundi ameipaka au ameiba gharama yake. Hiyo ndiyo dhamana ya kwanza katika kazi hii, na bado ni nyepesi, kwa maana atakayedhulumiwa ni mwenye gari mwenyewe, naye ana ulimi wa kuja kulalamika.

Kuifungua taa iliyogundishwa kiwandani kwataka joto la kadiri, la kuilainisha gundi lisiyeyushe plastiki, na kuifunga upya kwataka gundi nzima bila ya mwanya, kwa sababu unyevu wa ziwa hupenya penye tundu la sindano na asubuhi ukaona matone ndani ya kioo. Taa ya nyuma ya lori tuundayo kwa mkono huanza kwa hesabu: kila kijitaa chekundu cha LED hutaka volti 2 hivi, na gari linapokwenda umeme wake hufika volti 14, ukivipanga vijitaa vitano kwa mfululizo vimekwisha kula volti 10, na volti 4 zilizobaki lazima zipewe mahali pa kuishia, ndipo tunapotia rizista, ambayo kwa mkondo wa miliampea 20 kanuni ya Ohm inaidai iwe ya omu 200. Kijana aliyekimbia hisabati shuleni huirudia mezani kwetu kwa hiari yake, kwa kuwa hapa jibu lisilo sahihi hutoa moshi. Kisha huja joto, ambalo ndilo adui wa LED kuliko mtikisiko wa barabara. Hilo huvutwa nje kwa bapa la aluminiamu nyuma ya ubao wa taa, na fundi apunguzaye unene wa bapa ili apate faida zaidi huwa ameuza miezi badala ya miaka.

Lakini moyo wa jambo nililokusudia kulisema uko katika taa kubwa za mbele, na nitaomba uvumilivu wa msomaji nikilieleza kwa urefu, kwa maana wengi wanalitenda kila siku bila ya kulijua.

Glopu ya kawaida ya taa za mbele, ile iitwayo H4 iliyoanza kutumika mwaka 1971, ina nyuzi mbili ndani yake: mmoja wa fulu, yaani nuru ya mbali, wati 60, na mmoja wa dimu, yaani nuru ya chini, wati 55. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma, ambacho kazi yake pekee ni kuikatalia nuru isiende sehemu ya chini ya kiakisi, kwa kuwa ikifika huko itarudishwa juu na kuwaingia watu machoni. Kiakisi chenyewe, ile sahani ing'aayo nyuma ya glopu, kimekokotolewa kwa imani kwamba uzi utakaa mahali pale pale palipokusudiwa. Ukisogea hata kwa kiasi cha unene wa kucha, miale yote hubadili njia yake. Zaidi ya hayo, nuru ya dimu haitoki sawasawa pande zote mbili: tangu mwaka 1957 huko Ulaya ilikubaliwa kwamba upande wa ukingo wa barabara inyanyuke kidogo, ili dereva amwone mwenda kwa miguu na mwenye baiskeli, na upande wa katikati ibaki chini ili isimtie kiwi anayekuja. Nasi tuendeshao kushoto twataka nuru inyanyukayo kushoto, na kwa bahati njema Wajapani nao huendesha kushoto, hivyo taa za magari yao zatufaa kama zilivyo. Nchi jirani za Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia; lori lililofungwa taa za huko likipita kwetu, dereva wake hana dhambi yoyote moyoni, na taa zake zamnyanyukia machoni kila anayepishana naye tangu Usagara hadi Geita.

Sasa mtu hununua sokoni glopu za LED za bei nafuu, ambazo kasha lake limeahidi mwangaza wa kutisha, akazichomeka ndani ya kiakisi kilichoumbwa kwa ajili ya uzi. Nyingi katika hizo hazina kikombe kilichokaa sawasawa, na vijitaa vyake haviketi mahali pa uzi. Basi nuru, ambayo kwa idadi ni nyingi kweli, hutawanyika huku na huko, ikamulika vilele vya miembe na mabango ya maduka na macho ya viumbe, na barabarani, mahali ilipohitajika, ikaanguka hafifu na yenye mabaka. Mwenye gari huona weupe mkubwa mbele yake akafurahi, kwa sababu jicho la mwanadamu huhadaika upesi na weupe wa karibu. Anayekuja mbele hatafurahi. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo wa basi nje ya makazi kwa sheria yetu, hukata mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akitiwa kiwi kwa sekunde 3 tu huwa ameendesha mita 66 akiwa kipofu, na kadiri umri wake ulivyo mkubwa ndivyo jicho lake linavyochelewa kupona.

Huja mushtari, akaegesha pikapu yake, akasema: “Fundi, nataka taa ambayo nikiiwasha tu, yule anayenijia akimbilie pembeni mwenyewe.” Sikasiriki, wala simwoni kuwa mtu mbaya, kwa kuwa nyuma ya maneno hayo kuna hofu ambayo naijua. Barabara zetu usiku zina ng'ombe waliochelewa kurudi zizini, zina baiskeli zisizo na taa zilizobeba magunia ya mpunga, zina mashimo, zina lori zilizoharibika zikawekewa matawi ya miti badala ya pembetatu ya kung'aa. Mtu ambaye amewahi kuona mkia wa ng'ombe ghafla mbele ya boneti yake hawezi kulaumiwa kwa kutamani jua lichomoze kutoka kwenye bampa. Namjibu: “Kaka, wewe unataka kuona, na mimi nitakuonesha, lakini yule akikimbilia pembeni, pembeni kuna watoto wanatoka kuchota maji.” Wengine hunyamaza wakafikiri. Wengine hucheka wakaondoka kwenda kwa fundi mwingine, nami huwaacha waende kwa salama.

Wanaobaki huanza kwa kupimiwa umeme. Na hapa pana siri ambayo natamani kila mwenye gari angeijua, kwa kuwa haina gharama kubwa na faida yake ni ya ajabu: nuru ya glopu ya uzi haipungui sambamba na umeme, hupungua kwa kasi kubwa zaidi, kiasi kwamba glopu ikikosa sehemu moja katika kumi ya volti zake hupoteza kama thuluthi moja ya mwangaza. Gari lililokwisha kuzeeka, ambalo waya zake zimeingia kutu kwenye maungio na swichi yake imechoka, hupeleka kwenye taa volti 11 ambapo zingepaswa kuwa zaidi ya 13. Mwenyewe hudhani glopu ni dhaifu, akanunua nyingine yenye wati nyingi, ambayo huvuta mkondo zaidi kwenye waya zile zile nyembamba, zikapata moto, na kiakisi kikaungua. Sisi tunamfungia rilei mbili, waya nene kutoka kwenye betri na fyuzi zake, tunamsafishia kioo, na glopu ile ile aliyotaka kuitupa huwaka kana kwamba imezaliwa upya. Anaona mbali zaidi ya alivyotarajia, na nuru yote imekaa chini ya mpaka wake. Naikiri furaha yangu waziwazi: hakuna kazi nyingine karakanani inayonipendeza kiasi hiki, kwa maana hapo haja ya aliyelipa na haki ya asiyelipa zimetimizwa kwa pigo moja.

Nusu ya pili ya kazi hiyo hufanywa mbele ya ukuta. Gari husimamishwa mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, jua likiwa limekwisha kuzama; tunapima kimo cha taa kutoka ardhini, tunapiga mstari wa chaki ukutani kwa kimo hicho, na mwingine sentimita 10 chini yake; mpaka wa juu wa nuru ya dimu lazima ulalie mstari wa chini, kwa kuwa nuru njema hushuka sentimita moja kwa kila mita iendayo. Na gari la abiria au la mizigo hatulipimi tupu, kwani Hiace iliyojaza watu hadi mlangoni huketi kwa nyuma ikainua pua, na taa zilizokuwa na adabu asubuhi huwa zimeelekezwa mawinguni jioni. Katika mji wa vilima na mawe kama huu, ambako barabara hupanda na kushuka, kosa la sentimita chache ukutani huwa ni dhuluma kubwa kwenye mwinuko.

Karakana yetu huunda pia taa za wavuvi wa dagaa, nazo zimenifunza jambo kwa kuwa kinyume cha taa za barabarani. Wavuvi hao huingia ziwani usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika, kwa kuwa taa yao haiwezi kushindana na mwezi. Kwa miaka mingi walitumia karabai, zilizoelea juu ya maji zikingurumia mafuta ya taa, na mafuta hayo yalikula sehemu kubwa ya mapato yao, huku upepo na mawimbi yakivunja vioo. Siku hizi wengi wamehamia LED na betri, nyingine zikichajiwa kwa jua mchana ufukoni. Taa ya namna hiyo hutaka mambo mawili tu: isiingie maji hata ikizama, na imwage nuru pande zote bila ya ubahili. Haina dimu, haina mpaka, haina kushoto wala kulia. Mbele yake hakuna mtu anayekuja. Kuna wadudu wadogo na dagaa wanaoifuata, na nyavu. Kijana aliyejifunza kwa taa za dagaa peke yake huwa hodari wa gundi na hodari wa kulehemu, lakini ukimpa taa ya gari mara ya kwanza huwa na moyo ule ule wa ziwani, akataka imulike kila upande. Na kazi kubwa ya kumfundisha ni kumtia akilini kwamba barabarani nuru huundwa pamoja na giza lake, na kwamba kile kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi kimetengenezwa na mtu aliyekuwa akimfikiria mgeni.

Sitaki idhaniwe kuwa naidharau fahari. Wapo wanaotujia kwa ajili ya uzuri mtupu: duara la nuru nyeupe kuzunguka taa za Noah, mstari wa kaharabu juu ya paji la lori, bajaji iliyopambwa ndani kwa rangi za jioni ya ziwani. Hizo nazipenda na huzifanya kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa dereva ashindaye kutwa katika kiti kimoja ana haki ya kukipenda chombo chake, na mji wetu, ulio na chuo kinachofunza kuchora na kuimba, hauwezi kuwa na aibu ya mapambo. Tunayoyakataa ni machache na yanajulikana: taa nyekundu haiendi mbele ya gari, nyeupe haiwekwi nyuma isipokuwa ya kurudia kinyumenyume, na vimulimuli vyekundu na bluu ni vya wenye kuokoa roho na kulinda watu. Mwenye gari binafsi avaaye rangi ya ambulansi huifundisha barabara nzima kuipuuza ambulansi, na siku mgonjwa wa kweli akipita hakuna atakayempisha.

Juu ya fedha nitasema kwa ufupi. Faida ni ndogo, mteja hulinganisha kazi ya siku mbili na bidhaa iliyofika kwa kontena, na asilimia kubwa ya rasilmali yetu imelala katika vijipande vilivyonunuliwa kabla ya kazi kupatikana. Serikali ilianzisha SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA mwaka 1994 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi, na vijana wenye msingi kutoka katika taasisi hizo hufanya kazi yetu kuwa nyepesi. Gumu ni kwamba sehemu bora ya kazi yetu haionekani katika risiti. Naweza kumwandikia mtu bei ya rilei, ya waya, ya msasa na ya vanishi. Siwezi kumwandikia bei ya saa ile tuliyoitumia mbele ya ukuta kwa ajili ya watu asiowajua. Kwa muda mrefu nimeiweka saa hiyo ndani ya bei ya jumla bila ya kuitaja, na sasa nimeanza kuitaja, kwa sauti, mteja akiwa amesimama pale pale ukutani akiutazama mstari; na nimeona kwamba wengi, wakishaelezwa, hulipa bila ya mnong'ono, na baadhi humleta jirani.

Haja ya kuyalinda macho ya anayekuja mbele ilikuwa ndogo zamani kuliko ilivyo leo. Mabasi ya masafa yalikatazwa kusafiri usiku kwa miaka mingi, hata Oktoba 2023 yakaruhusiwa tena. Na Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, mahali ambapo magari yalikuwa yakingojea kivuko kwa saa nyingi. Ni baraka mbili kubwa, na zote mbili zimeongeza idadi ya macho yanayokutana gizani kwenye barabara ipitayo mbele ya karakana yetu. Basi lenye abiria zaidi ya hamsini likipishana na lori mahali pembamba, dhamana ya taa moja iliyokaa vibaya haipimiki kwa fedha ya glopu.

Ndiyo maana nimekuwa nikiwaambia wenye mabasi na viongozi wanaopita kwetu kwamba stendi ya Nyegezi ipewe ukuta. Mitambo ya kupimia taa iliyoko ng'ambo ni mizuri na ikija tutaifurahia, lakini usiku wa leo magari yataondoka, na kinachohitajika kwa usiku wa leo ni ukuta uliopakwa chokaa, sakafu tambarare ya mita 10, mistari iliyochorwa kwa vimo vya mabasi yanayojulikana, na mtu mmoja mwenye bisibisi aliyepewa ruhusa ya kulisimamisha basi, abiria wakiwa ndani na mizigo ikiwa ndani ya buti, kwa dakika chache kabla halijaingia barabarani. Mtu huyo niko tayari kumfundisha bila ya malipo. Na kama hatapatikana upesi, niko tayari kuwa mimi, kwa kila usiku nitakaoweza kutoka karakanani mapema.